JIKO LA KWANZA LA PELETI: KWANZA KUNI, KISHA CHOMBO

Kila jioni, jua likishatua, harufu ya samaki wa kuchoma huenea pwani ya Mji Mkongwe wa Unguja, kutoka Malindi hadi Forodhani. Nguru, jodari, changu na pweza walioshushwa asubuhi kwenye diko la Malindi huwekwa juu ya wavu, makaa hupepewa kwa upepeo wa ukindu, na mchomaji husimama katikati ya moshi kwa muda wa saa nne au tano. Ni kazi yenye riziki ya halali, nayo ni miongoni mwa kazi chache ambazo kijana asiye na mtaji mkubwa aweza kuzianza.

Siku hizi kijana kama huyo husikia habari za jiko la namna nyingine: jiko la kuchomea linalokula peleti, lisilohitaji kupepewa, na linalojipimia joto lenyewe. Huelezwa kwamba mchomaji hubonyeza kitufe tu, akaenda kukatakata vitunguu, akarudi akakuta samaki wameiva. Basi huuliza: miongoni mwa majiko hayo, lipi linamfaa anayeanza?

Makala haya yanatetea rai kwamba swali hilo limewekwa kinyumenyume. Anayeanza hana budi kuchagua kuni kwanza, kisha chombo. Asiyefuata utaratibu huo aweza kujikuta amenunua sanduku la chuma la gharama kubwa, na jiko hana.

Peleti na asili ya jiko lake

Peleti ni vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Unga huo hukaushwa mpaka unyevu wake uwe chini ya asilimia 10, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa katika matundu ya bamba la chuma, aghalabu yenye kipenyo cha milimita 6 hadi 8. Msuguano huzalisha joto, na joto hulainisha lignini, yaani ile dutu ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Vijiti vikipoa lignini hugandamana tena, na unga ukashikana bila ya gundi. Kilo moja ya peleti nzuri ina nishati ya megajuli 17 au 18 hivi.

Peleti zilianza kutumika kwa wingi kupashia nyumba joto katika nchi za baridi baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 Joe Traeger wa mji wa Mount Angel, jimbo la Oregon, nchini Marekani, akabuni jiko la kuchomea nyama linalotumia peleti. Mahali hapo pana maana kubwa katika hoja hii. Oregon ni nchi ya misitu na viwanda vya kupasulia mbao, ambako unga wa mbao ulikuwa taka iliyotafutiwa matumizi. Jiko hilo lilizaliwa kando ya lundo la unga wa mbao. Kuni zilikuwapo kabla ya chombo.

Linavyofanya kazi

Jiko la peleti lina sehemu sita zifaazo kujulikana. Kuna sanduku la kuwekea peleti; kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota na kuzisukuma peleti kidogo kidogo; kuna kikombe cha chuma ambamo moto huwaka; kuna kijiti cha umeme cha kuwashia; kuna feni ya kupuliza hewa; na kuna mtambo mdogo unaosoma kipimajoto. Joto likishuka, mtambo huamuru parafujo ilete peleti zaidi. Joto likipanda, parafujo hupunguza mwendo.

Ubora wa mpango huu hauna shaka kwa mtu aliyesoma kemia ya mwako. Kuni kidogo zikipata hewa ya kutosha huungua karibu zote, na kaboni yake hugeuka kuwa kaboni dioksidi. Kuni nyingi zikikosa hewa hutoa moshi, masizi na kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Makaa ya seredani, ingawa hayatoi moshi mwingi yakishakolea, hutoa gesi hiyo kwa wingi, na ndiyo sababu ni hatari kuyawasha katika chumba kilichofungwa. Suala hili si dogo: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani unaotokana na kupikia ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee.

Peleti zina sifa nyingine, nayo huonekana kwa hesabu nyepesi. Chukua kilo 100 za kuni kavu, kila kilo ikiwa na megajuli 18. Jumla ni megajuli 1,800. Kuni hizo zikichomwa katika tanuri la kienyeji la udongo, makaa yanayopatikana aghalabu ni baina ya kilo 10 na 20. Tuseme kilo 15, na kila kilo ya makaa ina megajuli 30 hivi. Jumla ni megajuli 450. Robo tatu ya nishati ya mti imepotelea msituni kabla ya makaa kufika mjini. Mbao zikisagwa na kushindiliwa kuwa peleti, sehemu kubwa ya nishati hiyo husalia, ukitoa ile inayotumika kuzikausha na kuendesha mashine. Kwa kisiwa chenye msitu mdogo wa maweni na mikoko michache, hesabu hiyo ni ya kuzingatiwa sana.

Basi kisayansi peleti ni kuni njema. Tatizo haliko katika peleti. Liko katika kununua jiko mahali ambapo mambo matatu yaliyolizaa hayapo.

Mtihani wa umeme

Jambo la kwanza ni umeme. Parafujo, feni na mtambo wa joto vyote huendeshwa kwa umeme, na umeme ukikatika moto hufifia. Mkaazi wa Unguja hahitaji kufundishwa maana yake. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikaukosa tena kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Waya mpya wa baharini uliokamilika mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa. Hata hivyo, mchomaji anayetegemea umeme asiokuwa na akiba yake ameiweka riziki yake mikononi mwa waya mmoja.

Lipo na jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Majiko mengi ya namna hii hutengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na hezi 60. Umeme wa Zanzibar ni wa volti 230 na hezi 50. Mnunuzi huambiwa atumie transfoma. Transfoma hubadili volti, lakini haibadili hezi. Mota ya mkondo geu ambayo mwendo wake hufuata hezi itazunguka kwa kasi ya 50 kwa 60, yaani sita itakuwa tano. Parafujo italeta peleti pungufu kwa sehemu moja ya sita, feni nayo itapuliza kidogo, na jiko litakuwa baridi kuliko lilivyopangwa. Majiko yenye mota za mkondo mnyoofu hayana ila hii. Kwa hiyo kibandiko kilicho nyuma ya jiko ni muhimu kuliko picha iliyo juu ya kasha lake.

Mtihani wa unyevu

Jambo la pili ni hewa ya bahari. Peleti ikitumbukizwa katika kikombe cha maji huvimba na kurudi kuwa unga kwa muda mfupi, kwa kuwa kilichoishikilia ni lignini tu. Katika misimu ya masika na vuli hewa ya Unguja hubeba mvuke mwingi, na peleti zilizoachwa katika sanduku la jiko huunyonya polepole. Zikilainika hukwama katika parafujo, zikakauka humo na kuganda kama saruji. Chumvi ya bahari nayo hula chuma. Kwa hiyo anayemiliki jiko hilo sharti ahifadhi peleti katika pipa lenye mfuniko unaobana, na aondoe zilizobaki kila amalizapo kazi.

Mtihani wa upatikanaji

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Jiko la namna hii, kwa moto wa wastani, hula nusu kilo hadi kilo moja ya peleti kwa saa. Mchomaji anayefanya kazi saa tano kwa siku, siku 26 kwa mwezi, aweza kuhitaji kilo 130. Zitatoka wapi? Zikisafirishwa kwa meli kutoka ng'ambo, gharama ya safari huila faida. Zikikosekana kwa mwezi mmoja, jiko hukaa bure, kwa sababu parafujo haiwezi kusukuma makaa wala vipande vya kuni.

Afrika ya Mashariki imekwisha kupata fundisho katika jambo hili. Nchini Rwanda, katika mji wa Gisenyi kando ya Ziwa Kivu, kampuni ya Inyenyeri iliyoanzishwa mwaka 2010 ilitengeneza peleti na kuwapa wateja majiko yanayofaa kwa kuni hizo. Waanzilishi wake walielewa vyema kwamba biashara yenyewe ni kuni, na jiko ni mlango tu wa kuingilia. Hata hivyo kampuni hiyo baadaye ilifungwa. Kiwanda cha peleti kikisimama, jiko lililoundwa kwa peleti pekee husimama pamoja nacho, hata kama halina kasoro hata moja.

Basi achague nini?

Wapo watakaosema kwamba rai hii inawarudisha vijana nyuma, na kuwanyima chombo ambacho wengine duniani wanakifurahia. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana mapafu ya mchomaji wa Malindi yana thamani sawa na ya mchomaji wa Oregon. Lakini chombo kisichowaka hakiokoi mapafu ya mtu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hali ilivyo, anayeanza Malindi atafanya vyema kuanza na jiko la makaa lililoboreshwa: lenye ukuta wa udongo uliochomwa ndani ya bati, kilango cha kuongoza hewa, na mfuniko. Majiko ya udongo ya namna hiyo yalienea Kenya tangu miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand, na mafundi wa bati wa Afrika ya Mashariki wanaweza kuyatengeneza na kuyakarabati. Kilango cha hewa humfundisha mchomaji lile ambalo feni na parafujo hulifanya kwa siri, yaani kulinganisha kuni na hewa. Aweke wavu juu kidogo ili mafuta ya samaki yasidondokee makaa yenye moto mkali, afanye kazi mahali pa wazi, na awe mbali na kuta na boriti za nyumba kongwe.

Ikiwa bado anataka jiko la peleti, asitoe fedha kabla ya kupata majibu ya maswali manne. Je, linatumia volti 230 na hezi 50? Je, yuko muuzaji wa peleti aliye Unguja, mwenye akiba ya miezi mitatu? Je, peleti hizo ni za mbao safi, zisizopakwa rangi wala dawa ya kuzuia wadudu, kwani moshi wa dawa hizo una sumu? Je, umeme ukikatika kazi itaendeleaje? Jibu moja likikosekana, na asubiri.

Kazi iliyo mbele ya shule

Kusubiri kuna kikomo chake, na hapa ndipo somo la sayansi linapopata kazi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo linahitaji kuni mpya, na Zanzibar haikukosa malighafi: kuna vifuu na makumbi ya nazi, kuna makonyo ya karafuu, kuna unga wa mbao katika karakana za maseremala.

Mwalimu wa fizikia aweza kuanza na mizani na kipimajoto. Wanafunzi wapime makaa, wachemshe lita moja ya maji kutoka nyuzi 28 hadi 100, kisha wapime makaa yaliyobaki. Maji hayo yamepokea kilojuli 302 hivi. Ikiwa makaa yaliyoungua ni gramu 100, yaani kilojuli 3,000, jiko limetumia sehemu moja tu katika kumi. Warudie kwa seredani ya bati tupu na kwa jiko la udongo, kilango kikiwa wazi na kikiwa nusu. Mwalimu wa kemia naye awape unga wa mbao na vifuu vilivyosagwa, wavikaushe, wavipime unyevu, na kujaribu kuvishindilia.

Siku ambayo kuni za namna hiyo zitatengenezwa na kuuzwa Unguja kwa bei anayoimudu mchomaji, swali la jiko gani linunuliwe litajibika kwa wepesi, na huenda jiko lenyewe likatengenezwa na fundi wa hapo hapo. Hadi siku hiyo, kijana wa Malindi aliyeuliza kuhusu kuni kabla ya kuuliza kuhusu chombo ameuhifadhi mtaji wake.