Kampuni ikisepa, jicho linabaki na nani?
Simu ikikosa spea unanunua nyingine. Jicho je? Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kifaa chenye elektrodi 60 kinachopachikwa kwenye retina na kupokea picha kutoka kwa kamera ya miwani. Mgonjwa haoni sura ya mtu, anaona vimulimuli tu, lakini vinamtosha kujua mlango uko wapi. Bei? Takriban dola 150,000. Kufikia 2019 kampuni ikaachana nacho, ikakimbilia chipu ya ubongo. Watu zaidi ya 350 walikuwa nacho mwilini, na kikiharibika, fundi hakuna.

Januari 2024 Neuralink ya Elon Musk ikapachika chipu yake ya kwanza kwenye ubongo wa mtu, mitandao ikashangilia. Sawa, ni kazi safi. Ila mimi ningewalazimisha waweke kando hela za matengenezo kabla daktari hajashika kisu.