Si Kila Anayejikaza Ni Mvumilivu

Juma lililopita nilikwenda kumtazama mpwa wangu akicheza netiboli katika mashindano ya shule. Katika kipindi cha pili aliruka kudaka mpira, akatua vibaya, na kifundo cha mguu wake wa kushoto kikapinda. Alipoketi chini akikishika, uwanja mzima ulipaaza sauti moja: "Jikaze!" Nakiri kwamba yangu ilikuwa miongoni mwa sauti hizo. Binti akainuka, akacheza dakika zilizosalia, timu yake ikashinda, na jioni mguu ukafura hata kiatu kikakataa kutoka. Daktari alitueleza kwamba kano imechanika, na akatutazama sisi watu wazima kwa namna ambayo sitaisahau upesi.

Tangu siku hiyo neno hilo linanikera. Katika "jikaze" anayekaza ndiye huyo huyo anayekazwa. Sisi tuliokuwa tukipiga kelele kandoni hatumo ndani ya kitenzi hicho, wala maumivu yake hayatufikii.

Nikakumbuka tukio la Atlanta, Marekani, tarehe 23 Julai 1996, ambalo wapenzi wa jimnastiki hulisimulia hadi leo. Kerri Strug, msichana wa miaka 18, alikuwa wa mwisho wa timu yake kuruka katika fainali ya timu za wanawake. Katika mruko wa kwanza alianguka na kuumia kifundo cha mguu wa kushoto. Kocha wake, Béla Károlyi, aliyefariki mwaka 2024, alimpigia kelele akimwambia kwamba anaweza. Strug akakimbia, akaruka, akatua kwa miguu yote miwili, akauinua ule ulioumia, akawapa waamuzi heshima, kisha akaporomoka magotini. Alipata pointi 9.712. Kocha ndiye aliyembeba mikononi hadi kwenye jukwaa la medali, na picha hiyo ikaenea ulimwengu mzima.

Wanafunzi wangu hufundishwa kwamba kitenzi -weza hueleza uwezo, na mara nyingine ruhusa. Hata hivyo, maana ya tamko hutegemea pia nani anamwambia nani, na wapi. Mzee mwenye mamlaka akimwambia binti "unaweza" mbele ya maelfu ya watazamaji, anayeambiwa husikia amri.

Marekani ilishinda Urusi kwa pointi 0.821. Hesabu zilipofungwa ilidhihirika kwamba dhahabu ingepatikana hata bila mruko ule wa pili. Kwa haki, wakati ule hakuna aliyejua, maana Warusi walikuwa hawajamaliza zamu zao. Lakini gharama ililipwa papo hapo: Strug alikuwa amefuzu kushindania medali za mtu binafsi, akazikosa zote, na hakurudi tena katika Olimpiki. Miaka 20 kabla yake, huko Montreal mwaka 1976, Shun Fujimoto wa Japani aliumia vibaya goti, akaendelea, na akaruka kutoka kwenye pete akatua juu ya mguu ule ule. Timu yake ilipata dhahabu. Yeye pia husifiwa kwa neno lile lile, ushujaa.

Mwenye kudhani kwamba miguu hii huumia kwa bahati mbaya tu na autazame mchezo wenyewe. Mwanajimnastiki anapotua, miguu yake huweza kupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kumi au zaidi. Sisi wengine tukiruka kutoka ukutani hupiga hatua moja mbili mbele ili mshtuko upungue. Yeye akipiga hatua hiyo hukatwa pointi. Kwa maneno mengine, kanuni humwadhibu kwa kufanya kile ambacho mwili unamwomba afanye.

Sasa mtazame Rebeca Andrade wa Brazili. Kano ya ndani ya goti lake la kulia, ile inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, ilikatika mwaka 2015, ikakatika tena 2017, na mara ya tatu 2019. Kano hiyo ikikatika kabisa aghalabu haijiungi yenyewe. Mpasuaji huchukua kipande cha kano nyingine mwilini, akakipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani, na kipande hicho huhitaji miezi mingi, mara nyingi tisa au zaidi, kabla ya kuaminiwa na mruko. Andrade alipitia kipindi hicho mara tatu. Ugonjwa wa Korona ulipoahirisha michezo ya Tokyo hadi 2021, alipata mwaka mmoja zaidi wa kupona. Huko akatwaa dhahabu ya kuruka na fedha ya mashindano ya jumla. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia, na Paris, mwaka 2024, akatwaa dhahabu ya mazoezi ya sakafuni. Akafikisha medali sita za Olimpiki, idadi ambayo hakuna Mbrazili mwingine aliyekuwa ameifikia.

Naam, wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na walimu wa michezo hupenda kutukumbusha. Lakini methali hiyo inamzungumzia mtu anayeliacha tunda liive! Anayelichuma bichi kwa sababu watu wanamshangilia hana sehemu humo. Kwangu mimi mvumilivu ni Andrade akiwa amelala na bandeji gotini kwa mara ya tatu, pasipo kamera wala wimbo wa taifa. Strug alijikaza, na simlaumu hata kidogo. Nawalaumu waliokuwa na umri wa kumwambia keti.

Hapa kwetu jambo hili lina dawa isiyohitaji fedha nyingi. Katika kila mashindano ya shule, ateuliwe mtu mzima mmoja asiyefundisha timu yoyote, apewe mamlaka ya kumtoa uwanjani mtoto aliyeumia, na kauli yake isipingwe na mwalimu wala mzazi. Nimeliandika pendekezo hilo na kulipeleka kwa mwalimu mkuu wa mpwa wangu. Amenijibu kwa adabu kwamba atalifikiria mashindano ya mkoa yakishapita. Mashindano hayo ni Jumamosi ijayo, na mpwa wangu amekwisha kuulizwa mara mbili kama mguu una nafuu.