Jamani, Si Kila Ugonjwa wa Pikipiki ni CDI!

Testi zimeisha, niko likizo nyumbani Mwankoko, hapa Singida, na leo natoa dukuduku.

Huku pikipiki ikikosa nguvu tu, jibu ni moja: "CDI imekufa, kanunue." Mjomba wangu kauziwa mbili ndani ya mwezi mmoja. Pikipiki bado ikipigwa kiki inarudisha mguu, ikipanda kilima inagonga na kuchemka. Hela ya alizeti imeishia duka la spea!

Hebu tuelewane. CDI ni kile kiboksi kinachokusanya umeme na kuuachia kwenye koili, plagi itoe cheche. Muda wa kuachia kinaambiwa na pulsa, ambayo inasoma kinundu kwenye sumaku inayozunguka na krenki. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, digrii 10 za krenki zinapita kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sumaku ikihama kidogo tu, cheche inawahi au inachelewa, hata kama CDI ni mpya kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa ya mjomba. Kile kijichuma kinachoshika sumaku isicheze kwenye krenki kilikuwa kimekatika. Hapo hata ufunge CDI kumi, ni kazi bure.

Sasa angalieni wenzetu wanaojiundia ndege ndogo. Wengi wanafunga injini ya Rotax 912 ya Austria, yenye mifumo miwili ya CDI na plagi mbili kila silinda. Kabla ya kuruka, rubani anazima mfumo mmoja, anasoma mizunguko, anarudisha, anazima wa pili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000, isishuke zaidi ya 300, na tofauti ya mifumo hiyo miwili isizidi 115. Ikizidi, haruki. Anapima kwanza, spea baadaye.

Mtasema, "fundi wa kijijini atapata wapi vifaa?" Hicho ni kisingizio. Azima CDI ya pikipiki ya aina ileile kijiweni, ijaribu dakika kumi kabla ya kununua. Ugonjwa ukibaki palepale, CDI haina kosa. Kagua waya wa ardhi na soketi zenye kutu, angalia kama pulsa imelegea. Kisha fungua kava, tazama alama ya F kwenye sumaku. Taa ya kupimia taimingi, kijiwe kizima kinaweza kuchangiana. Na sumaku itolewe kwa pula, si kwa nyundo!

Lakini lawama zote tusimtupie fundi. Sisi walimu watarajiwa wa fizikia tunakariri sheria ya Faraday, tunachora sumaku na koili ubaoni, mtoto anapata A, halafu hajui kwamba sumaku na koili hizohizo ziko chini ya kava la pikipiki iliyomleta shule. Fundi wa leo alikaa kwenye madawati yaleyale. Tusipobadilika, tutazalisha wabahatishaji wengine, na wakulima wataendelea kulipa.

Mimi nikienda BTP, somo la kwanza nafungua sumaku darasani. Anayebisha aje na hoja.

Nawasilisha.