Makumbusho Hayangoji Serikali

Wasee, kuna mji wa pwani kule Uingereza unaitwa Ramsgate. Chini yake kuna mahandaki ya karibu kilomita 5. Siku hizi ni makumbusho, na wanaoyaendesha ni watu wa kujitolea. Kwangu mimi, hivyo ndivyo historia inafaa kutunzwa.

Skizeni hii. Vita vya Pili vya Dunia vikikaribia, meya wa mji, Kempe, alitaka mahandaki yachimbwe ili wananchi wapate pa kujificha ndege zikija. Serikali ikamkatalia mwanzoni. Jamaa hakulegea. Yakafunguliwa Juni 1939, miezi 3 tu kabla ya vita. Tarehe 24 Agosti 1940, ndege za Wajerumani zikaumwagia mji mabomu. Karibu watu 30 walikufa, lakini maelfu walikuwa chini, salama. Waliobomolewa nyumba wakahamia huko kabisa, familia nzima nzima, wakaishi chini ya ardhi kama mtaa.

Vita vikaisha, yakafungwa miaka mingi. Mwaka 2014 wageni wakaanza kuingia tena, na wa kuwazungusha ni hao hao wa kujitolea.

Najua kuna mtu atasema kazi ya bure ni kunyonywa. Ana pointi. Taa na ukarabati hazilipwi na mapenzi, na serikali haifai kujificha nyuma ya watu wenye roho safi. Ilipe sehemu yake. Lakini mwenyeji ambaye nyanyake alilala mle ndani atakusimulia kitu ambacho bango la ukutani haliwezi.

Sasa turudi kwetu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakajificha hadi mapangoni. Aliyekuwa na miaka 18 wakati huo, leo amepita 90. Hesabu hiyo inanitisha. Pango litakuwepo hata miaka mia ijayo, lakini wa kutuambia nani alilala wapi na chakula kilipitia wapi hatakuwepo. Bila yeye, tutabaki na shimo la kupigia selfi.

Kwa hivyo tusingoje bajeti. Ukienda ushago, kaa na guka au cucu, washa simu, uliza, rekodi. Kisha mpeane zamu wanne watano, msafishe hapo mahali, mzungushe wageni wikendi.

Ramsgate hawakungoja. Sisi tunangoja nani?