Kabla Hujalipia Jiwe la Jikoni, Litilie Ndimu



Leo nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na lile jiwe jeupe linalong'aa, ambalo siku hizi kila anayetengeneza jiko anaona asipoliweka hajatengeneza. Na zaidi ya jiwe, nagombana na sisi tunaolinunua kwa macho.

Nianze na kosa langu ili msione nawanyooshea vidole. Mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, nilipokea pesa yangu ya mchezo. Pesa ile niliiwekea nia ya kununua ovaloki ya dukani kwangu. Ramadhani ilikuwa inakaribia, wageni wa futari watakuja, nikasema ngoja kwanza jiko lipendeze. Nikaingia kwa muuza mawe, nikaona jeupe lenye mishipa ya kijivu. Moyo ukaondoka. Nikauliza, "Hili ni graniti?" Kijana akanijibu, "Graniti kabisa dada, la maisha hilo." Nikalipa.

Futari ya tatu nilikamua ndimu za pweza palepale juu ya jiwe, na pembeni niliweka bakuli la ukwaju wa juisi. Nilifuta baada ya tarawehe. Asubuhi naona jiwe limefifia, kama kioo kilichopumuliwa, na duara la bakuli limejichora vizuri kabisa. Nikasugua kwa sabuni, wapi. Jirani akanishauri nitie siki. Nikatia siki. Wallahi nikazidi kuliua.

Halikuwa graniti. Lilikuwa marumaru. Na msimu ule wa Idi nilipeleka magauni ya wateja kwa mwenzangu kupigwa ovaloki, moja moja, kila moja kwa pesa. Faida yangu ya mwezi mtukufu iliondokea kwenye mlango wa duka la mtu mwingine.

Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na kubanwa chini ya ardhi. Sisi wa Tanga hatuna haja ya kusoma kitabu kujua chokaa inaogopa nini. Mapango ya Amboni yako ndani ya jiwe la chokaa, na kilichoyatoboa ni maji. Mvua inachukua hewa ya ukaa angani na ardhini, inapata ukali kidogo, inapenya kwenye nyufa na kulila jiwe taratibu kwa maelfu ya miaka. Basi kama ukali mdogo vile umechimba pango ambalo mtu anaingia amesimama, ndimu itafanya nini kwenye kaunta yako? Na jiko letu la pwani ni ukali mtupu: ndimu, ukwaju, siki, nyanya, embe mbichi, achari. Jiwe lile wanalipenda watu wa kula mkate na siagi.

Mtego wa pili ni jina. Huku kwetu mtu akisema "marumaru" anaweza kuwa anasema vigae vya sakafuni, na mwingine anasema jiwe lenyewe. Na dukani jiwe lolote linalong'aa huitwa graniti. Kwa hiyo usinunue jina.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiniletea kitambaa nisichokijua, sikikati. Naloweka kipande nione kama kinachuja rangi, napitisha pasi kwenye pembe nione kama kinasinyaa. Ndipo naweka mkasi. Sasa mtu huyu huyu, mwenye akili ya kujaribu mita tatu za kitambaa, nikalipia jiwe zito la wanaume wanne bila kulijaribu hata kwa tone la maji! Ndiyo maana nasema tatizo lilikuwa langu kabla halijawa la yule kijana.

Fanyeni hivi. Ombeni kipande kilichokatwa kutoka jiwe lilelile, mkakae nacho nyumbani. Kikamulieni ndimu upande mmoja, wekeni manjano yaliyochanganywa na mafuta upande mwingine, na tone la maji katikati. Kilale hivyo mpaka asubuhi. Ndimu ikifanya povu au kuondoa mng'ao, hiyo ni chokaa, hata kama risiti imeandikwa graniti. Tone la maji likiacha weusi, jiwe linakunywa, na litakunywa mafuta na manjano pia. Muuzaji akikunyima kipande, ashakujibu.

Graniti ya kweli haijali ndimu, na sufuria ya moto inaivumilia. Lakini nyingine zina vitundu vidogo, hasa za rangi nyeupe nyeupe, kwa hiyo zinahitaji kupakwa dawa ya kuziba na kurudiwa kila baada ya muda. Nyeusi iliyoshikana ndiyo hunisumbua kidogo kuliko zote.

Lile jiwe la kiwandani wanaloliita kwatzi ni mawe yaliyosagwa na kushikwa kwa gundi ya plastiki. Halinywi madoa kwa urahisi, ila sufuria iliyotoka motoni inaweza kuliunguza. Tena lina jambo zito zaidi. Vumbi lake likikatwa kavu linaingia mapafuni na kuacha makovu yasiyopona. Australia imelipiga marufuku tangu tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu wakataji walikuwa wanaugua. Hata graniti ina vumbi la aina hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Sasa huku kwetu fundi anakata uani, kajifunga leso puani, watoto wako wanacheza pembeni. Mwambie akate kwa maji na avae barakoa ya maana. Jiko zuri lisiwe dhuluma kwa pumzi ya mtoto wa mwenzio.

Vigae tunavidharau kwa sababu ni vya bei nafuu. Kigae kigumu cha kaure hakiogopi ndimu wala moto. Udhaifu wake ni ile saruji ya katikati, ambayo inashika mafuta ya samaki. Chagua vipande vikubwa ili mistari iwe michache, na mistari yenyewe ijazwe kwa ile grauti ya gundi isiyonywa. Terazo na saruji iliyosuguliwa pia zinapendeza, lakini kumbuka saruji nayo imetokana na chokaa, hivyo ipakwe kinga na ndimu ifutwe mapema. Mninga au mvule ni mzuri sana kwa kukandia chapati, mradi ukae mbali na sinki na upakwe mafuta. Zile mbao za unga uliobanwa, maji yakiingia pembeni zinavimba kama andazi.

Na mkipima, jipimeni nyinyi. Makabati mengi huja na urefu wa sentimita 90 hivi, na fundi anafunga kama yalivyo. Simama wima, kunja kiwiko, teremka sentimita 10 mpaka 15. Hapo ndipo mkono unapofanyia kazi bila bega kulia. Gauni halikatwi kwa kipimo cha jirani. Nashangaa sana kuona fundi anamuuliza baba mwenye nyumba urefu na rangi, naye baba hajawahi kusonga ugali pale. Waume zetu Mwenyezi Mungu awalipe kwa kutoa, lakini jiwe achague anayepika.

Wapo watakaoniambia, "Shoga, dini haikukataza uzuri." Kweli kabisa, na mimi napenda uzuri, ndio kazi yangu. Kilichokatazwa ni israfu. Nenda nyumba ngapi utakuta jiko la mbele lina jiwe linang'aa, limefunikwa kitambaa, halafu mama mwenyewe yuko uani, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo umepinda, vitunguu anakatia mapajani. Jiko la mbele ni la wageni, la nyuma ndilo la kuchokea. Tukiwa tumelipa pesa zote hizo na mgongo bado unauma, tumejenga nini?

Linalonitisha zaidi ni wanaokopa. Wanachukua ile mikopo ya kausha damu ili kaunta iwahi harusi au Idi. Dada yangu, riba unaijua hukumu yake, sina haja ya kukuhubiria. Wageni watakula pilau, watasifu jiwe dakika mbili, wataondoka. Mkopeshaji hataondoka. Atachukua friji, na ukiwa mwenzangu wa cherehani, atachukua cherehani. Kaunta ya vigae isiyodaiwa na mtu ina baraka kuliko graniti ya riba.

Jiwe langu bado lipo, na duara lake la ukwaju. Nimeweka kibao cha mninga juu, ndimu nakamulia hapo. Ovaloki nimeipata mwaka huu, alhamdulillah, kwa mchezo mwingine. Kila nikifuta lile duara lisilofutika najisemea: ndimu moja tu ingeniambia ukweli pale dukani.

Kwa hiyo ukienda kuchagua jiwe, tia ndimu kwenye mkoba. Allah atupe majiko yenye baraka na migongo yenye afya. Amin.