PROFESA HAHESHIMIKI MPAKA APANDE SHANGINGI!

Kijana mwenzangu uliyetoka Kyimo ukaja mjini kutafuta riziki, hebu jaribu hili hapo kijiweni. Taja maprofesa watatu wa kwetu Rungwe. Haraka utamtaja Mark Mwandosya. Utamtaja David Mwakyusa. Ukifika hapo unakuna kichwa!

Haya, Mwandosya alifundisha nini pale Mlimani? Kimya! Alifundisha uhandisi wa umeme. Mwakyusa je? Ni mwalimu wa madaktari, na ndiye aliyekuwa daktari wa Mwalimu Nyerere hadi mauti yalipomkuta mwaka 1999. Lakini wewe, na mama yako anayeuza ndizi kando ya barabara ya Mbeya–Tukuyu, mliwafahamu walipokuwa wabunge na mawaziri. Wazee wetu hatuwatukani. Tunauliza: kwa nini nchi hii haimwoni profesa mpaka aache chaki akapande shangingi?

Tazama heshima inakokwenda. Novemba 30, 2022, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Rais Samia Suluhu Hassan Udaktari wa Heshima. Tangu siku hiyo kila bango linamwita Dokta. Chuo kinajua sana kuwavisha joho wakubwa! Mwaka huohuo Wizara ya Elimu ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti atakayechapisha kazi yake katika jarida kubwa la kimataifa. Si vibaya. Lakini yule anayefundisha ukumbi uliofurika hadi wengine wanaandika wamesimama, kisha anakesha akisahihisha mitihani, yeye milioni zake ziko wapi?

Usidhani hayakuhusu. Mdogo wako yuko chuoni kwa mkopo wa Bodi. Akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Analipia ufundishaji! Sasa mhadhiri akishajua kwamba kufundisha vizuri hakuna malipo wala jina, wakati uteuzi mmoja tu unampa vyote, akili yake itakuwa darasani au Ikulu?

Walimu wa kuheshimiwa tunao. Mwaka 1991 Profesa Issa Shivji alipewa kuongoza Tume ya Rais kuhusu ardhi. Tume ikazunguka nchi nzima kuwasikiliza makabwela wakieleza walivyoporwa mashamba. Mwaka 1992 ikakabidhi ripoti, ikashauri ardhi isibaki mikononi mwa Rais. Sheria zilipotungwa mwaka 1999, ardhi ikabaki palepale! Huo ndio utumishi wa profesa kwa wananchi, na hayo ndiyo malipo yake.

Mtazame Profesa Haroub Othman. Alifundisha Mlimani, na kule Zanzibar akaanzisha kituo cha kuwasaidia kisheria wasio na pesa ya wakili. Alifariki mwaka 2009. Mtazame Euphrase Kezilahabi, bingwa wa riwaya na mashairi ya Kiswahili. Katika miaka ya 1990 alihamia kufundisha Botswana, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake. Alipofariki Januari 2020, rambirambi zikamiminika. Mgeni wa maiti haoni sahani, wala marehemu hasikii makofi!

Tunachodai ni hiki. Kwanza, kila chuo cha umma kitoe tuzo ya mwaka kwa mwalimu bora, na wapiga kura wawe wanafunzi waliomaliza. Wao hawana cheo cha kumwogopa mtu. Pili, tuzo hiyo iwe na fedha sawa na ile milioni 50. Tatu, profesa akitumwa kuchunguza shida za wananchi, ripoti yake iwekwe hadharani na Serikali ijibu, hoja kwa hoja. Kumvisha mtu shada huku maneno yake yamefungiwa kabatini ni kejeli.

Nawe una kazi yako. Ukirudi Kyimo likizo, usikimbilie kumpokea mheshimiwa peke yake. Ulizia ni nani aliyetoka kata yenu akawa mhadhiri, yule anayekuja kwa Coaster kama wewe na hakuna anayempigia vigelegele. Mwendee. Mpe mkono, mwambie "ndaga fijo". Kisha muulize mwaka huu amefundisha vijana wangapi, na wamefika wapi. Huyo ndiye mheshimiwa!