Jiko kujiwasha si jiko kujilinda

Mteja anapoingia dukani kununua jiko la gesi, jambo la kwanza analoonyeshwa na muuzaji ni namna linavyowaka. "Hili ni automatiki, mama, kiberiti unasahau kabisa." Koki inabonyezwa, inazungushwa, tak-tak-tak, moto wa bluu unatokea, na bei inakubaliwa. Jiko likifika nyumbani, mama naye anamwonyesha dada wa kazi vilevile alivyoonyeshwa. Watu wawili wamefundishwa kuwasha moto. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa kinachotokea moto ukizimika wenyewe.

Neno "automatiki" ndilo linalozipoteza familia nyingi. Wengi wakilisikia huamini kwamba jiko linajiangalia lenyewe. Kumbe kuna vifaa viwili tofauti: kimoja huwasha moto, kingine hufunga gesi moto unapozimika. Jiko linaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili, na majiko mengi ya bei nafuu ndivyo yalivyo.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, wakati familia nyingi zinaacha mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Aliyezoea mkaa anajua kwamba jiko likizimika, hasara ni maharage kuchelewa kuiva. Kwa gesi mambo ni kinyume. Moto ukizimika huku koki iko wazi, hapo ndipo hatari inapoanza.

Kinachotoa cheche

Kuna aina mbili za viwashio. Ya kwanza ni ile inayotoa mlio mmoja mkubwa, "tak", kila koki inapozungushwa. Ndani yake kuna kinyundo kinachogonga fuwele. Fuwele ya aina hiyo ikigongwa hutoa umeme wa volti maelfu kwa kitambo kidogo sana, na umeme huo huruka kama cheche pembeni ya pleti. Tabia hiyo ya fuwele ilielezwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie. Ndiyo sababu jiko la namna hiyo halihitaji betri wala umeme wa ukutani.

Aina ya pili hutumia betri au umeme wa nyumbani, na hulia mfululizo kwa muda wote kitufe kinapobonyezwa. Katika majiko mengi ya aina hii, kubonyeza kwa ajili ya pleti moja hufanya pleti zote zitoe cheche. Huo si ubovu. Uji ukimwagika au jiko likitoka kuoshwa, linaweza kugoma kuwaka au kulia bila kukoma kwa sababu ya unyevu. Dawa yake ni kulifuta kwa kitambaa kikavu na kuliacha likauke.

Katika majiko ya kawaida, aina zote mbili hazijui kama moto umeshika. Kazi yao ni kutoa cheche, basi. Upepo wa dirishani ukizima moto dakika tano baadaye, au maziwa yakifurika na kuuzima, kiwashio hakina habari.

Kijiti kinacholinda

Kifaa kinacholinda kinaitwa themokapo. Ni kijiti chembamba cha chuma kinachosimama pembeni ya pleti, ncha yake ikiguswa na moto. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizoungwa pamoja. Ncha ikipata joto, metali hizo huzalisha umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi. Betri moja ndogo ya rimoti ina nguvu zaidi ya hapo mara 50 au zaidi.

Umeme huo mdogo hauwezi kufungua njia ya gesi. Anayefungua ni mpishi, anapobonyeza koki kwa mkono. Kazi ya umeme ule ni kuipa nguvu sumaku ndogo inayoshikilia vali ibaki wazi baada ya mkono kuondoka. Moto ukizimika, ncha hupoa, umeme hukatika, sumaku huachia, na springi hufunga gesi. Haifungi papo hapo. Inaweza kuchukua sekunde kadhaa, hata dakika moja au zaidi kidogo. Lakini gesi ya dakika moja si sawa na gesi iliyovuja tangu mama alipokwenda sokoni mpaka aliporudi.

Kifaa hiki huwasaidia pia wenye watoto wadogo. Mtoto akizungusha koki ya jiko lisilo nacho, gesi hutoka moja kwa moja bila kukoma. Kwenye jiko lenye themokapo, gesi hupita pale tu koki inapobonyezwa kwa nguvu. Mtoto akiachia bila moto kuwaka, njia hufungwa.

Kulitambua jiko la nyumbani

Dalili ya kwanza iko mkononi. Ikiwa baada ya moto kuwaka mpishi hulazimika kuendelea kubonyeza koki kwa sekunde chache, la sivyo moto unazimika, jiko lina themokapo. Ikiwa moto unabaki hata akiachia mara moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba halina.

Dalili ya pili iko kwenye pleti. Jiko likiwa limepoa, sufuria iondolewe na pleti itazamwe kwa karibu. Kijiti chenye kauri nyeupe ni cha cheche. Kikiwepo cha pili, cha chuma kitupu kisicho na kauri, hicho ndicho mlinzi.

Namna salama ya kujua kama mlinzi anafanya kazi ni kuwasha pleti moja, kuiacha iwake dakika mbili, kisha kufunga gesi kwenye mtungi. Moto utafifia na kuzimika. Asikilize kwa makini: ndani ya dakika moja au moja na nusu mlio mdogo wa "tak" husikika chini ya koki. Huo ni mlio wa vali ikijifunga. Baada ya hapo koki ya jiko ifungwe kwanza, ndipo mtungi ufunguliwe tena. Mlio usiposikika, fundi aitwe.

Njia ya mkato ya fundi

Malalamiko ya kawaida ni haya: "Jiko linawaka, nikiachia tu linazimika." Mara nyingi sababu ni ndogo. Ncha imejaa masizi na mafuta, imepinda ikawa mbali na moto, au nati imelegea. Kuifuta ncha taratibu na kuirudisha mahali pake kunaweza kumaliza tatizo. Ikiwa imekufa, hubadilishwa.

Wapo mafundi wanaochagua kuiondoa vali ile kabisa, na mama hufurahi kwamba jiko limepona. Wengine nyumbani hubana koki kwa kijiti ili wasiishikilie. Katika hali zote mbili jiko linawaka vizuri, lakini mlinzi ameshaondoka. Kabla ya kumlipa fundi, inafaa kumuuliza swali moja: moto ukizimika, gesi itajifunga?

Asichokiona mlinzi

Hata themokapo nzima haioni kila kitu. Inafunga gesi ya pleti yake tu. Mpira ukichanika au regulata ikilegea, gesi huvuja kabla ya kufika kwenye jiko. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kukusanyika chini ya makabati. Kwa asili haina harufu. Ile harufu kali huwekwa makusudi ili pua itoe taarifa.

Harufu hiyo ikisikika, kosa kubwa ni kubonyeza kitufe cha jiko "kuona lina nini". Kitufe hicho kazi yake ni kutoa cheche, na cheche ndiyo inayosubiriwa na gesi iliyojaa jikoni. Swichi ya taa nayo isiguswe, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Mtungi ufungwe kama unafikika kwa usalama, milango na madirisha yafunguliwe, watu wote watoke nje. Wakiwa nje ndipo simu ipigwe. Zimamoto kwa Tanzania ni 114.

Vivyo hivyo, jiko likigoma kuwaka baada ya kubonyezwa mara tatu au nne, koki ifungwe na mpishi asubiri dakika chache, dirisha likiwa wazi, ndipo ajaribu tena. Kuendelea kubonyeza huku gesi inatoka ndiko kunakoleta ule mlipuko unaounguza nyusi na mikono.

Kuna pia mtungi wa kilo 6 wenye pleti iliyofungwa juu yake. Kwa kawaida huo hauna kiwashio wala mlinzi. Kwake sheria ni tatu: kiberiti kiwashwe kwanza ndipo gesi ifunguliwe, mpishi asiondoke moto ukiwaka, na kupika kukiisha gesi ifungwe kwenye mtungi.

Yote haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji robo saa siku ya mapumziko, mama, baba, dada wa kazi na watoto wakubwa wakiwa jikoni pamoja, wakitazama kijiti kipi ni cha cheche na kipi ni cha ulinzi. Dada ndiye anayebaki na jiko kutwa nzima, pengine na mtoto mgongoni. Yeye ndiye wa kwanza kustahili kujua.